Waliolala Kitanda cha Jitu

Carrowbrack, Kaunti ya Mayo
9 Aprili 1934

Kaka Bartley,

Pokea salamu zangu na za ng'ombe wawili, maana ndio sisi tuliobaki nyumbani kwenu. Wote wazima. Pasaka ilikuja na mvua yake kama kawaida, na viazi vimekwisha ingia ardhini. Festus Padden alinisaidia siku mbili: nusu alilima, nusu alipiga soga.

Leo nakuandikia kabla ya wakati wangu kwa sababu kuna jambo. Amekuja bwana mmoja kutoka Dublin, anaitwa Garvey, profesa wa mambo ya kale. Ana baiskeli, kikohozi, na suruali iliyofungwa kamba magotini. Siku tatu amekuwa pale juu kwenye Kitanda cha Jitu akipima mawe kwa utepe na kuandika daftarini. Anasema hakuna jitu lililolala pale. Anasema ni kaburi la watu wa kale, miaka elfu nne au zaidi, na vile vyumba vya ndani vilikuwa vya kuwekea maiti, na ule uwanja wa mbele wenye mawe yaliyosimama ulikuwa wa ibada zao. Serikali iko tayari kuwapa kazi wanaume ishirini wasio na kazi, wachimbe kiangazi chote. Lakini shamba liko kwa jina lako tangu Baba alipofariki, kwa hiyo inatakiwa saini yako.

Nakuomba ukatae.

Najua utacheka. Lakini unakumbuka baba yake Festus alivyochukua jiwe moja tu pale akajengee banda la nguruwe, na mdomo wake ukapinda mpaka sikioni, ukabaki hivyo mpaka wakamfunika. Watu Wema, wale wasioonekana wa chini ya mawe, hawachezewi. Mimi ndiye ninayeishi chini ya ule mlima, si wewe.

Mama Honor Munnelly anauliza tena kama umemwona Tadhg wake. Miaka kumi na tatu mwana hajaandika hata neno, naye bado haweki komeo mlangoni. Kanisani hakuna anayeketi benchi lake hadi leo. Wanasema wakati wa vita vya uhuru mwanawe aliwauza vijana wetu wa daraja la Owenbrin kwa askari wa Mwingereza kisha akakimbilia Marekani. Mimi kwangu, ukimwona, usimpe salamu zangu. Sina salamu kwa mwanaume wa namna ile.

Ni mimi dada yako,
Sabina


Cleveland, Ohio
24 Aprili 1934

Mdogo wangu Sabina,

Barua imefika. Huku kazi imebaki siku tatu kwa wiki. Tunapakua mawe ya chuma kutoka melini mpaka mate yanakuwa mekundu kwa vumbi, kisha tunakaa nyumbani tukitazamana. Mke wangu Mae ni mzima, ila mgongo unamsumbua.

Hilo la Kitanda: nimekataa. Mwambie huyo Garvey kwamba mwenye shamba amesema hapana, na hapana ya ukoo wetu wa Gaughan haipungui kwa kukohoa. Mambo ya wazee yaachwe yalivyo. Sicheki hata kidogo. Ila nashangaa, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiingia mle ndani na mkate wako unakula, sisi wavulana tumesimama nje tunakuita utoke. Sasa umezeeka umekuwa mwoga. Vizuri. Uoga wako safari hii una akili.

Kuhusu Tadhg Munnelly, sijamwona tangu ile mara niliyokuandikia Krismasi ya mwaka ishirini na mbili. Nasikia amehamia Montana kwenye migodi, yeye na yule mkewe Mslovakia. Mwambie mama yake aweke komeo.

Mchunge ng'ombe, na wewe mwenyewe kula.

Kaka yako,
Bartley


Carrowbrack
14 Mei 1934

Kaka Bartley,

Hapana yako nimeifikisha, na tangu siku hiyo mimi ndiye adui wa parokia. Jumapili Padre Lavelle alisema madhabahuni kwamba kuna nyumba moja inawanyima mkate nyumba ishirini. Hakutaja jina. Hakuna haja, hapa kuna Kitanda kimoja tu.

Dukani Festus alinikamata mbele ya watu.

“Sabina,” anasema, “huyo kakako ameshiba Marekani mpaka anawaonea huruma mashetani?”

“Si baba yako aliyepinda mdomo?” nikamjibu.

“Baba yangu alipigwa teke na punda. Hiyo habari ya Watu Wema aliitunga mwenyewe kwa sababu ya aibu. Punda alikuwa wa mjomba wako.”

Watu wakacheka, nami nikasahau unga niliofuata.

Kisha Padre akaja nyumbani. Alikunywa vikombe vitatu vya chai kwanza. Mwisho akasema, “Sabina, mimi nimeibariki nyumba hii mara ngapi? Na bado unaogopa vijitu vya chini ya jiwe?” Nikasema ndiyo, Padre, naviogopa. Akasema ni dhambi. Nikasema hiyo nimeizoea. Akaniangalia sana, nikajuta kulisema.

Garvey naye anasema Dublin wakitaka wanaweza kupata amri ya kuchimba hata bila sisi. Ni mpole, na nadhani angependa kutosema hivyo, lakini amesema.

Kwa hiyo sikiliza. Tukikataa vyote, watachukua vyote. Tuwape kipande. Waandikie kwamba wachimbe uwanja wa mbele peke yake, Festus na wenzake wapate kazi yao ya kiangazi, lakini vyumba vya ndani visiguswe. Huko ndani ndiko wanakokaa, hilo kila mtu analijua. Uwanja ni kokoto na nyasi tu.

Nifanyie hili, Bartley. Sijakuomba kitu tangu uondoke.

Sabina


Cleveland
30 Mei 1934

Sabina,

Kaa chini usome polepole. Umegeuza mambo. Ule uwanja ndio usioguswa. Kule ndani ni mifupa ya Wapagani, na Wapagani hawana wa kuwalilia. Waingie, watoe, wapeleke Dublin wakaweke kwenye kabati za kioo. Lakini mbele pale, kuanzia jiwe refu la kushoto mpaka ule mwamba uliolala, asiguse mtu. Bibi yetu aliniambia mimi mwenyewe kwamba Watu Wema huchezea uwanjani, si ndani. Wewe hukuwepo.

Naweka humu karatasi niliyosaini. Inasema vyumba vya ndani tu. Nimechora na picha, ingawa mkono wangu ni wa koleo si wa kalamu. Mpe Garvey mkononi. Usiipitishe kwa Padre.

Siwezi kueleza zaidi. Nimekuwa silali vizuri, Mae anasema ninaongea usingizini. Hii ni kazi tu, ni uchovu.

Fanya hivyo hivyo nilivyosema.

Bartley


Carrowbrack
18 Juni 1934

Kaka Bartley,

Utanikasirikia na una haki. Karatasi yako nimeitia motoni.

Bibi hakusema neno hilo. Bibi alikuwa kiziwi tangu ukiwa mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia kelele sikioni. Sijui unaogopa nini pale uwanjani na sitakuuliza, kwa kuwa nami sitaki kuulizwa nina nini ndani. Kila mtu na lake. Ila wewe uko ng'ambo ya bahari na mimi niko hapa, na kama mmoja wetu lazima apoteze, nimeamua si mimi. Nimekwisha poteza vya kutosha.

Nimeandika karatasi nyingine kwa jina lako. Mwandiko wetu unafanana; mwalimu mmoja alituchapa kwa fimbo moja. Inasema uwanja wa mbele tu. Garvey aliisoma mara mbili, akanitazama, akasema, “Kakako ana herufi nzuri kwa mtu wa bandarini.” Kisha akaikunja akaiweka mfukoni.

Wanaanza Jumatatu ijayo. Festus amenunua viatu kwa mkopo, na leo kaninunulia pipi. Mama Honor ameniazima sufuria kubwa, kwani mimi ndiye nitakayewapikia chai. Alikuja nayo mwenyewe kifuani, mzee wa miaka sabini na sita. Nilimwambia habari za Montana. Alifurahi. Akasema, “Basi kule kuna milima, atakuwa anajisikia yuko kwao.” Nilitoka nje nikakata kuni zisizohitajika.

Usinichukie.

Sabina


SIMU YA MAANDISHI
Cleveland, 28 Juni 1934
Kwa: Sabina Gaughan, Carrowbrack

SIMAMISHA KAZI UWANJANI MARA MOJA. SEMA SAINI SI YANGU. BARUA INAKUJA. BARTLEY.


Carrowbrack
9 Julai 1934

Bartley,

Simu yako ililetwa mbele ya sajini wa polisi aliyekuwa ameketi jikoni kwangu. Niliisoma, nikaiweka ndani ya aproni, nikasema ni ya ugonjwa wa mkeo.

Nakueleza yaliyotokea, ingawa sasa nadhani unayajua kuliko mimi.

Siku ya tatu ya kazi walikuwa wamefika kina cha mkono mmoja, kando ya jiwe refu la kushoto. Nilikuwa napanda na chai. Nikaona wanaume wamesimama wote, na kofia zimetoka vichwani. Garvey alikuwa amepiga magoti na brashi yake. Alidhani mwanzoni amepata mtu wake wa miaka elfu nne. Kisha akasafisha mguu, na mguu ulikuwa na kiatu.

Kiatu cha kushoto, Bartley. Soli yake imeongezwa kipande cha mbao nene vidole viwili.

Unamjua mtu mwingine katika parokia hii aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi? Mimi simjui. Kile kipande cha mbao nilikuwa nakisikia barabarani kabla hata sijamwona mwenyewe. Niliweka birika chini. Festus akaniambia, “Rudi nyumbani, Sabina, hili si la wanawake,” nikamwambia anyamaze.

Fuvu lina tundu nyuma.

Mama Honor aliitwa akitambue kiatu. Alikiweka mapajani, akaondoa udongo kwa kidole gumba, akasema, “Nilimwambia abadilishe misumari hii.” Hakulia. Alimuuliza sajini, “Sasa huyu wa Montana ni nani?” Sajini hakujua anaulizwa nini. Mimi nilijua.

Kwa miaka kumi na miwili nimemchukia mtu aliyekuwa chini ya nyasi nilizokuwa nikichungia ng'ombe. Uliniandikia kwamba umemwona kwa macho yako, na kofia mpya, na mke Mslovakia aliyeshika mkono wake. Kofia mpya, Bartley. Ulifikiria hata kofia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Wawili walikuja kuniposa baada ya hapo na niliwafukuza, maana nilisema kama Tadhg alikuwa mwongo basi wote ni waongo.

Watu hawaulizi nani. Wanasema ni vijana wa wakati ule waliofanya, na kwamba msaliti amepata haki yake. Hakuna aliyejitolea kubeba jeneza. Polisi wakimaliza, mifupa itarudishwa kwa mama yake, naye hana hata watu wanne wa kumbebea mwana.

Niandikie kweli. Si habari za Bibi.

Sabina


Cleveland
25 Julai 1934

Sabina,

Mae ametoka, nimefunga mlango. Nitaandika mara moja bila kusoma tena, kwani nikisoma sitaituma.

Ndiyo, ni mimi. Tulikuwa wanne na mimi nilikuwa kamanda wao. Wengine siwataji.

Unakumbuka Machi ile ya mwaka ishirini na moja. Tulilala mabandani, tulikuwa na bunduki tisa na chawa wasiohesabika. Jumamosi tulikuwa tuwavizie askari darajani Owenbrin, na wao wakatuvizia sisi. Vijana wawili walikufa pale, mmoja alikuwa ameshika koti langu. Mtu alikuwa ametuuza, na lazima tujue nani, kabla hatujauzwa wote.

Mmoja wetu alikuwa mlinzi mlimani wiki ile. Akasema alimwona Tadhg Munnelly alfajiri siku tatu mfululizo, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, akipanda Kitanda cha Jitu, mahali asipokwenda mtu. Hana kondoo upande ule. Siku ya kwanza alikuwa na kitu chini ya koti na akaingia nacho ndani ya mawe, akatoka mikono mitupu. Siku nyingine alipiga magoti penye mlango, akatia mkono ndani, akakaa hivyo muda mrefu. Na nyuma ya mlima ule ndipo barabara ya kambi ya polisi ilipopita. Tukasema: hilo ndilo sanduku lake la posta. Anaweka barua, polisi wanakuja kuzichukua, na hakuna mwenyeji atakayetia mkono mle kuangalia.

Jumatatu jioni tulimleta palepale. Nilimuuliza, “Uliweka nini humo ndani?” Akasema hakuweka kitu kinachotuhusu. Nikamwambia, “Tadhg, tumesoma benchi moja. Sema tu.” Aliniangalia, nakumbuka mpaka leo alivyoniangalia. Akasema, “Siwezi kusema. Na kama ningesema kwa mtu, nisingesema mbele yako wewe, Bartley.” Mimi nilidhani anaona haya kwa sababu tulikuwa marafiki. Nilichukulia kwamba amekiri.

Sasa hili sijamwambia hata padre. Nilimwamuru mmoja aingie atafute hizo barua. Akakataa. Nikamwamuru mwingine, akafanya ishara ya msalaba akarudi nyuma. Walikuwa wanaume waliosimama mbele ya risasi Jumamosi. Nikasema pumbavu nyinyi, nikaenda mwenyewe, mimi niliyekuwa nikiwacheka wazee. Nilifika hatua mbili kutoka lile tundu. Lilitoa baridi. Sikutia mkono. Niligeuka nikasema hakuna haja, ushahidi tunao, nao wakashukuru.

Aliomba nafasi ya kusali, tukamsubiri. Tulimzika uwanjani, nje ya mawe, kwa kuwa hakuna atakayelima pale hata dunia iishe. Kisha mwaka uliofuata ukaniandikia ukiniuliza kama nimemwona Marekani, na kwa namna ulivyouliza nikaelewa kwamba alikuwa wako. Sikujua kabla, naapa kwa kaburi la Mama. Nikaona bora umchukie kuliko umsubiri. Nilidhani utaolewa.

Alikuwa msaliti, Sabina. Nimesimama juu ya hilo miaka kumi na tatu, sina ardhi nyingine. Kama unajua sababu nyingine ya mwanaume kupanda pale asubuhi tatu na kutia mkono ndani ya mawe, usiniambie. Nakuomba kama ulivyoniomba mimi. Usiniambie.

Bartley


Carrowbrack
13 Agosti 1934

Bartley,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaenda kukamua ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hawajui habari. Nimekaa nayo siku tisa.

Tadhg amezikwa Ijumaa iliyopita, makaburi ya parokia, karibu na baba yake. Nakueleza jinsi alivyopata wa kumbeba.

Jumapili kabla ya maziko nilikwenda Misa mapema, nikasimama nje langoni, pale wanapoegemea ukuta wanaume wasiotaka kuingia mpaka kengele ya mwisho. Walikuwa kama thelathini. Nikawaambia nina neno. Festus akasema, “Sema, mama, lakini fupisha, Padre anavaa.” Nikafupisha. Niliwaambia Tadhg Munnelly alikuwa anafanya nini mle ndani ya mawe. Nilisema kwa sauti ya kufika barabarani, nikasema na langu humo humo, kwa maana halikuwezekana lake bila langu.

Wawili walikuwa wazee kuliko mimi kidogo, watu wa umri wako. Mmoja alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya Jumapili. Mwingine alikwenda nyuma ya ukuta, tukamsikia anatapika. Sikuwatazama zaidi. Sikuwa na haja ya kujua majina, na sasa ninayajua. Festus alivua kofia, akasema, “Kona ya mbele ni yangu.” Wengine wakafuata. Siku ya maziko walikuwa wengi mpaka wakapokezana kila hatua ishirini. Na Jumapili hii, benchi la Mama Honor lilijaa, yeye katikati anabanwa, hana nafasi ya kupiga goti.

Mama Honor aliniuliza, “Ni nani, Sabina?” Nikasema sijui. Huo ndio uongo wa mwisho nitakaosema kwa ajili yako. Nimeitoa siri yangu na ya Tadhg. Yako ibebe mwenyewe.

Umesema nisikuambie. Mimi pia nilikuomba vyumba vya ndani visiguswe, na nimewafungulia mwenyewe. Kwa hiyo soma.

Tulikuwa tuoane kabla ya Kwaresima. Nilimwambia tungoje, kwa kuwa Baba amekufa na wewe uko mafichoni, nani atanitoa nyumbani? Tukasema baada ya Pasaka, kwani Kwaresima padre hafungishi ndoa. Lakini mimi nilikuwa tayari nimebeba. Shali ni pana na majira yalikuwa ya baridi, na nyinyi mlikuwa hamnitazami. Mlikuja, mkala, mkaondoka. Jumatatu ya tarehe saba nilizaa peke yangu bandani kwa ng'ombe, kabla ya wakati. Mtoto hakulia. Sikuwahi hata kumtia maji ya ubatizo.

Watoto wasiobatizwa hawaruhusiwi makaburi ya parokia, wanazikwa kule ufukweni, kwenye duara la zamani la mawe, wajua. Lakini pale madirisha manane yanatazama, na jiwe jipya likionekana kesho yake kila mtu anauliza la nani. Nikamwambia Tadhg ampeleke Kitandani, mle nilimokuwa nikila mkate, kwa kuwa hakuna mwanaume wa parokia hii atakayetia mkono pale. Nililijua hilo kabla yako. Alimweka ndani ya kisanduku cha siagi, chini ya jiwe bapa, akampangia mawe meupe juu. Asubuhi mbili zilizofuata alirudi kusali rozari, kwa vile padre asingeweza kumsalia. Alitia mkono ndani ili aguse kisanduku akisali. Aliniambia hivyo. Alisema asingependa awe peke yake kabla hajazoea.

Na nilikuwa nimemwapisha. Nilimwambia, usimwambie mtu, na zaidi ya wote usimwambie Bartley. Nilimwambia, Bartley akijua ataniua.

Alhamisi kabla ya maziko Garvey alipanda nami. Nilimwonyesha mahali. Alilala kifudifudi, akatia mikono yote miwili, akakitoa kisanduku akanipa, na daftari lake hakulifungua. Nilikiweka mwenyewe ndani ya jeneza, penye mkono wa kushoto wa Tadhg. Padre Lavelle aliingia nikiwa bado nimeinama. Anajua sheria kuliko mimi. Alikwenda dirishani akasimama anaangalia barabara mpaka wanawake walipoweka kifuniko.

Usirudi nyumbani mpaka Mama Honor awe amefariki. Baada ya hapo fanya unavyotaka, shamba ni lako.

Alikuwa mtoto wa kike. Nilimshika kwa muda wa kumfuta uso tu. Nywele alikuwa nazo tayari, nyekundu, na hakuna nyekundu kwa Wamunnelly. Zilikuwa zako, mjomba wake.

Sabina